Simu Inaita Kama Uko Dodoma

Chennai, India
9 Februari 2025

Dada Rhoda, shikamoo.

Natumaini barua imekukuta dukani kwako na miguu haijavimba tena. Punguza chumvi, na sukari yako uipime kila asubuhi, si kila ukikumbuka. Shukuru anakusalimu. Anasema ukija kula mkate wao wa huku, ule mwembamba wa mchele, utaulizia uliko mwingine.

Stempu umeiona. Kaa chini basi. Mimi na mke wangu hatuko Dodoma. Tuko India tangu mwisho wa Januari. Ni figo, dada, zote mbili. Ugonjwa uleule wa baba. Nilianza kusafishwa damu Oktoba, nikawa nakwambia ni malaria inayorudirudi. Wakubwa wa hospitali huku wanasema nikipata figo ya mtu mwingine nitaishi. Shukuru amejitolea yake. Wewe na sukari yako usingefaa, kwa hiyo usianze kujiuliza.

Sasa jambo linalonifanya niandike. Mama hajui, na naomba asijue. Simu yangu ikilia anapokea mtu aliyeko Dodoma. Kabla hatujapanda ndege niliwasha kwenye simu zetu kitu kinachoitwa kupiga kwa Wi-Fi. Naiweka simu kwenye hali ya ndege, nawasha Wi-Fi ya nyumba ya wageni tunamolala, na kwenye kioo linatokea jina la mtandao wetu wa nyumbani kama vile mnara uko nje ya dirisha. Namba ni ileile. Mama akinipigia anakatwa salio lilelile. Jana ameniuliza kama mvua imenyesha Dodoma, nikamwambia bado.

Sababu unaijua. Baba alipoanza kuvimba, ukoo wetu kijijini Misima haukusema figo. Ulikaa, ukamtaja bibi Tatu jirani kuwa ndiye kamroga, na kabla mwezi haujaisha jiko lake lilikuwa jivu naye amehamia Sindeni kwa mwanawe. Leo mtoto wa marehemu akiumwa ugonjwa uleule, watamtaja nani? Siwezi kutibiwa huku nikijua kuna bibi mwingine anafungasha vyungu vyake.

Nimeandika badala ya kupiga kwa sababu nakujua. Ukinijibu kwa simu utapaza sauti, na stendi nzima ya Korogwe itajua.

Mdogo wako,
Valentino

*

Korogwe
3 Machi 2025

Mdogo wangu Valentino,

Marahaba. Barua nimeipata Ijumaa, nimeisoma nikiwa nimefunga duka mchana, na mteja aliyekuja kununua daftari amegonga mlango mpaka akachoka. Mama mzima. Alikuja hapa Jumatano na kuku mmoja na malalamiko saba. Baba mdogo Yordani anaumwa mgongo, ila mdomo wake hauumwi. Mahindi ya Misima yamekauka nusu. Mvua za mwaka huu zinapita juu yetu kama wakubwa wanavyopita kwenye kampeni.

Nimelia, kisha nimekasirika, na hasira imebaki. Tangu Oktoba! Nimekaa hapa nauza magazeti, najua kila ugomvi wa kila bunge duniani, na sijui kwamba ndugu yangu wa tumbo moja anafungwa kwenye mashine mara tatu kwa wiki. Mwambie Shukuru kwamba nilipokuwa dukani peke yangu nilimpigia magoti. Sina cha kumlipa, na sitajifanya ninacho.

Lakini huo mtambo wako wa Wi-Fi siupendi. Unasema umemficha mama ugonjwa. Ulichoficha ni umbali, na umbali ulikuwa mtetezi wako. Babu zetu waliletwa kwenye mashamba ya mkonge kutoka mbali, wakakaa miaka kumi bila kurudi kwao, na hakuna aliyewaita watovu wa adabu, kwa sababu kila mtu alijua walikuwa mbali. Mtu aliye mbali anasamehewa. Mtu aliye Dodoma anapanda basi asubuhi na usiku yuko Korogwe. Umejiweka mahali ambapo kutokuja ni kiburi.

Na utatakiwa kuja. Mwaka wa baba unatimia. Mama ametaja Jumamosi ya wiki ya Pasaka, tarehe 26 Aprili, kaburi lijengewe na msalaba usimikwe. Unajua kwetu lile karai la kwanza la zege halimwagi mtu yeyote tu. Ni mtoto wa kiume mkubwa, na wa kiume ni wewe peke yako. Wazee wetu walizikwa mashambani wakawekewa mlingoti wa mkonge tu, ukaoza, na leo hatujui walipolala. Ndiyo maana mama hakubali mchezo kwenye hili.

Nitanyamaza kama ulivyoomba. Siahidi kunyamaza vizuri.

Dada yako,
Rhoda

*

Chennai
24 Machi 2025

Dada, shikamoo.

Tunamshukuru Mungu kwa siku zinazopita. Pole kwa mahindi. Shukuru amekusoma mara mbili, akacheka kwenye magoti, akasema uache, utashindwa kuinuka.

Vipimo vyake vimekubali. Kamati ya hospitali imetuhoji, kila mtu chumba chake, wakitaka kujua kama namlazimisha. Wakamuuliza kwa nini anatoa. Akajibu, "Sasa nimpe nani mwingine?" Upasuaji utakuwa wiki ileile baada ya Pasaka. Siku kamili hawajataja.

Umbali umeuandika vizuri, nawe unapenda kuandika vizuri. Mimi nimechoka, dada. Nikitoka kwenye mashine mikono inatetemeka, na simu inalia, na lazima niwe Dodoma. Mama anasikia honi za huku, ambazo hazinyamazi, anauliza, "Uko stendi?" Nasema ndiyo, niko stendi. Nimekuwa stendi mara nyingi mno. Juzi akaniuliza, "Kila siku uko stendi, na basi la kuja kwangu hulioni?"

Na mtambo wenyewe una mipaka. Ndani ya nyumba ya wageni simu iko hewani. Nikivuka barabara kwenda hospitali Wi-Fi inabaki nyuma, na anayenipigia anaambiwa sipatikani. Hospitali wana Wi-Fi yao lakini inataka namba ya simu ya huku ndipo ikufungulie, nami sina. Kwa hiyo mara tatu kwa wiki, kutwa nzima, mimi na mke wangu hatupatikani wote wawili. Sijui huko mnalielezaje.

Naomba jambo moja. Isogeze siku ya kaburi. Tafuta sababu, wewe hukosi hoja. Sema saruji imeadimika, sema padri ana safari. Nikitoka salama nitakuja mwenyewe, nitamwaga karai la kwanza mpaka la mwisho.

Valentino

*

Korogwe
14 Aprili 2025

Valentino,

Marahaba, na pole kwa mikono. Mama mzima wa mwili. Iddy, mtoto wa baba mdogo, kapata kazi ya ukondakta kwenye basi la Dodoma, na hapo ndipo mambo yalipoharibikia.

Mama alimpa kiroba cha mahindi mabichi akuletee. Iddy kafika kwako kakuta kufuli lina vumbi. Mpangaji wa jirani kamwambia hajawaona tangu Januari. Akiwa amesimama palepale mlangoni akakupigia. Ukapokea. Akakuuliza, "Kaka uko wapi?" Ukamwambia uko nyumbani, umejilaza. Unakumbuka? Iddy akakuaga, akakata. Alikula mahindi yako njiani, kisha akaja nayo Misima, habari hiyo, ingali ya moto.

Jana wamekaa kikao. Nimepanda gari la asubuhi, nimeshuka Misima vumbi mpaka kwenye kope, nimekuta mikeka imeshatandikwa. Nilikuwa nimejiandaa na hoja yangu ya saruji. Sikupata hata nafasi ya kuifungua.

"Mtu ana simu mfukoni, inaita vizuri," alisema baba mdogo. "Anapokea vizuri, anadanganya vizuri. Kahamia wapi? Mimi nawaambia, yule mwanamke kamhamisha."

"Shukuru?" mama akauliza.

"Kuna mwingine? Alipooa Mpare nilisema, nikaitwa mkorofi."

"Shukuru si Mpare," nikasema.

"Basi huyo asiye Mpare kamfunga kijana. Siku nzima simu zao zimezimwa, ya mume na ya mke kwa pamoja. Watu wawili wanazima simu pamoja mchana kwa kazi gani, Rhoda, wewe uliyesoma?"

Wanawake wakacheka. Iddy akaongeza kwamba mwanamke wa mjini asiyezaa lazima amtenge mume na kwao, asije akaozeshwa mwingine. Na mama yetu, Valentino, mama aliyemsuka Shukuru nywele kwa mikono yake siku ya harusi, akasema polepole, "Nilikuwa najiuliza. Kumbe."

Nimebishana maisha yangu yote. Nimebishana na maofisa, na mapadri, na wanaume wenye bastola kiunoni. Jana nilikaa kwenye mkeka nimeuma ulimi, kwa sababu yako. Kila nilichoweza kusema kumtetea kilikuwa kinaanza na neno India.

Hebu itazame vizuri hesabu yetu. Tulificha ili asitajwe mwanamke mmoja asiye na hatia. Ametajwa mwingine, na huyu ni yule anayekupa kiungo cha mwili wake. Kijiji hakikosi mwanamke wa kulaumu. Ukikinyima ugonjwa kinatumia simu iliyozimwa.

Siku ya kaburi imebaki tarehe 26. Baba mdogo anasema usipofika atamwaga zege yeye. Niruhusu niseme. Nijibu haraka, kwa simu, kwa njiwa, kwa chochote.

Rhoda

*

Chennai
22 Aprili 2025

Dada Rhoda, shikamoo.

Barua yako haijafika mwezi huu. Nakuandikia hii fupi, nimempa baba mmoja wa Muheza anayerudi nyumbani na mwanawe aliyepona moyo. Ataipeleka posta akifika.

Ni Alhamisi, tarehe 24. Wanaanza na Shukuru saa moja asubuhi, mimi nafuata. Simu zote mbili tunaziacha kwenye droo ya nyumba ya wageni. Usipige, utasikia sauti ya yule dada wa mtandao na utapata presha bure.

Jana nilimpigia mama nikamwambia nasafiri kikazi vijijini, hakuna mnara. Akasema "Haya" na akakata. Hajawahi kunikatia simu. Kuna nini?

Valentino

*

Korogwe
29 Aprili 2025

Mdogo wangu Valentino, kama unasoma,

Huku tuko hai. Salamu nyingine sina.

Sijui kama umepona. Barua yako ya Machi ilisema wiki ya Pasaka, ndiyo wiki hii iliyopita, na simu zenu zimekufa siku ya sita leo. Nakuandikia kama mtu anayeongea na mlango.

Jumamosi tulikwenda kaburini. Watu wengi, sufuria mbili za pilau, fundi na mchanga wake. Saa nne mama akaomba simu. Akampigia mtoto wake mbele ya watu wote, spika ya simu ikiwa wazi kama kawaida yake. Hapatikani. Akampigia mkamwana wake. Hapatikani. Akarudia. Yule dada wa mtandao alisema maneno yake mara nne juu ya kaburi la baba.

Baba mdogo Yordani akainama, akashika karai, akalimimina. Zege lilipogusa ardhi mama akavua kitambaa cha kichwa. Nilijua anataka kulaani. Nilinyoosha mkono nimzibe mdomo mama yangu mzazi, sikuwahi.

Akasema, "Aliyenizuilia mwanangu asifike hapa, mwili wake usimpe raha. Alale asipumzike, ageuke asipumzike, mpaka anirudishie mtoto."

Nikapaza sauti, kama ulivyonijua.

"Mama! Valentino anakatwa tumbo! Yuko India! Figo zake zimekufa kama za baba, na huyo unayemlaani amelala kitanda cha pili, wamemtoa figo yake wampe mwanao!"

"India ipi?" akauliza baba mdogo. "Wiki iliyopita kaongea na mama yake!"

"India ya ndege! Simu inapita kwenye Wi-Fi."

"Simu ya Dodoma inafikaje India bila kukatika salio? Rhoda, usitufanye watoto."

Nikamweleza. Hali ya ndege, namba ileile, nyumba ya wageni. Nikiwa nimesimama kwenye mchanga wa fundi nikifundisha mitandao kwenye msiba. Iddy, kwa mara ya kwanza maishani, alinisaidia. Akasema ni kweli, kuna abiria wake mmoja aliwahi kumpigia kutoka Uturuki kwa namba ya hapahapa. Ndipo wakaamini. Mimi dada wa tumbo moja hawakuniamini, walimwamini abiria.

Na unajua neno la kwanza alilosema baba mdogo baada ya kuamini? "Sasa nani kamfanyia?"

Nilimfuata pale alipo. Nikamwambia, "Ukitaja jina la bibi yeyote leo, nitalitaja lako polisi kabla jua halijazama, na la kila aliyebeba kiberiti kwa bibi Tatu." Akaniita mwenye kichaa. Nikamwambia ndiyo. Hakutaja mtu.

Mama alikuwa ameketi chini, kitambaa mkononi. Nikadhani analia kwa ajili yako. Akaniuliza, "Shukuru wamemkata siku gani?"

"Wiki hii, mama. Siku sijui."

"Mwee! Nimemsemea akiwa na kidonda."

Tangu hapo hali kitu. Unajua maneno ya mzazi yaliyosemwa kichwa wazi hayafutwi kwa kuombewa kanisani. Ni lazima msemaji achukue funda la maji, amtemee aliyesemwa kifuani, mbele yake, aseme nimeyatoa. Mimi siamini kwamba maneno ya mtu aliye Misima yanafungua mshono wa mtu aliye India. Ila mama anaamini, na ndiye asiyekula.

Nimevunja ahadi. Sikuombi radhi.

Rhoda

*

Chennai
20 Mei 2025

Dada, shikamoo.

Barua zako mbili zimefika siku moja, ya kikao na ya kaburi. Nashukuru nilizisoma nikiwa tayari nina mkojo. Figo inafanya kazi. Daktari ananionyesha namba kwa kidole, nami natikisa kichwa kama naelewa. Natakiwa kukaa hapa mpaka Agosti.

Ahadi sina haki ya kukudai.

Shukuru alikwishajua. Tulipowasha simu, wa kwanza kupiga alikuwa Iddy, kuomba radhi. Katika kuomba radhi alimsimulia kila kitu, neno kwa neno, pamoja na kitambaa cha kichwa. Shukuru alimsikiliza mpaka mwisho akamshukuru kwa kupiga.

Mama akapiga jioni. Nikasikia maji yanamiminwa. Akasema nimpe mkamwana wake aweke simu kifuani, anataka kutema. Shukuru akaichukua simu, akasema, "Shikamoo mama. Tumeamka salama," akanirudishia. Mama akabaki anasema haloo, haloo, na maji mdomoni. Tangu hapo akipiga kila siku Shukuru anaingia bafuni.

Halali vizuri. Kidonda chake kimetunga usaha upande mmoja, wamekifungua tena. Daktari anasema hutokea kwa wengi, na dawa inafanya kazi. Usimwambie mama.

Valentino

*

Korogwe
10 Juni 2025

Valentino,

Marahaba. Nimeisoma pale palipoandikwa mkojo, nikaiweka chini, nikatoka nje kununua soda nikijua kabisa siruhusiwi. Mungu ni mwema, na madaktari nao.

Kidonda sijamwambia mama. Angekufa. Amekonda, kanga zinamzunguka mara mbili. Nimemleta hapa kwangu Korogwe. Anaamka, anachota maji kwenye kikombe, anaweka simu mezani, anasubiri. Nikimwambia ale, anasema atakula Shukuru akipokea. Mimi ndiye ninayekaa mbele ya kikombe hicho kila asubuhi.

Naandika kwa sababu kwenye simu Shukuru hapatikani kwangu pia, na wewe unanipa "tutaona, dada". Basi mwambie hivi. Ana haki ya kukasirika. Angekasirika zaidi ningemuunga mkono, ningemwandikia hata hotuba. Lakini mama ana miaka sabini na mmoja. Agosti ni mbali. Funda la maji kwenye simu ni upuuzi, najua, ila hauna hasara. Aweke simu kifuani, mama ateme, ale ugali, yaishe. Simu ile imebeba uongo wetu miezi mitatu bila kulalamika. Ishindwe kubeba maji?

Nimechoka kuwa katikati ya watu ninaowapenda.

Rhoda

*

Chennai
30 Juni 2025

Dada Rhoda, shikamoo.

Sisi wazima. Kidonda kimefunga, jana wametoa bandeji ya mwisho. Hilo unaweza kumwambia mama.

Nimemsomea Shukuru barua yako yote. Akaniambia nishike kalamu, niandike anavyosema, nisilainishe. Kwa hiyo kuanzia hapa ni yeye.

"Dada Rhoda, shikamoo. Mimi sijamkasirikia mama kama unavyodhani. Angekuwa kanisema chumbani, kwenye sikio lako, ningeweka simu kifuani siku ileile, hata kichwani ningeiweka. Lakini alinisema mbele ya watu, na kabla yake alinisema baba mdogo, akanisema Iddy, wanawake wakacheka. Walikuwa wengi. Kwenye simu nitakuwa na mama peke yake. Mama atapona, nami nitabaki kule Misima yule mwanamke aliyemfunga mume, maana hakuna aliyesikia nikifunguliwa.

"Dada, mimi nimetumia simu hii kusema niko jikoni Dodoma nikiwa nimechomwa sindano mikono yote miwili. Sitaki kusamehewa kwa njia hiyohiyo. Tukirudi Agosti nitakuja Misima mwenyewe. Waitwe walewale, mikeka ileile, na baba mdogo akae mbele. Mama anitemee maji mchana, watu wanaona, nami nitaitika kwa sauti. Kisha nitapika mimi, wale.

"Mwambie sijalala vizuri, kweli, lakini ni kwa sababu ya usaha, si maneno yake. Mwambie na hilo la usaha, usimfiche. Mwambie kwamba kama anataka nimkute akiwa na nguvu ya kutema, aanze kula leo."

Mwisho wa maneno yake. Nimemuuliza kama nipunguze lile la baba mdogo kukaa mbele. Akasema libaki.

Jambo langu ni dogo. Leo tumekwenda dukani mimi na yeye, tukiwa tumefunikwa pua na mdomo, tumenunua laini ya huku. Ile ya nyumbani nimeizima. Kupiga kwa hii ni ghali, hatutapiga kila siku wala kuongea sana. Namba itakayotokea kwenye simu ya mama hataijua, na najua namba asizozijua hapokei. Ikilia namba ndefu, inayoanza na tisini na moja ya India, mwambie apokee. Ni sisi, na tuko mbali.

Mdogo wako,
Valentino